Daktari wa Wimbi

Dada yangu Gaudiosa hajawahi kutibu mtu, wala ng'ombe, wala mmea wowote. Hata hivyo kila mwaka akija nyumbani Mpui, kabla hajamaliza chai, barazani kwa mama wanakuwa wamekaa watu wenye masuke ya ulezi yaliyofungwa kwenye khanga, wanamsubiri daktari. Wengine wanatoka mpaka ng'ambo ya bonde. Mimi nikiwaona hucheka kwanza, halafu naenda kuongeza viti.

Kabla sijafika mbali, nieleze neno moja. Ile nafaka ndogo nyekundu tunayopikia uji na pombe ina majina mawili. Wapo wanaosema ulezi, wapo wanaosema wimbi, na wote wanaelewana. Sasa maji ya ziwa yakiinuka na kushuka, nayo huitwa wimbi. Dada amesomea hilo la ziwani. Mama alipotangaza kanisani, watu wakasikia la shambani. Basi, mengine yote yametoka hapo.

Gaudiosa amenizidi umri wa kutosha kunibeba mgongoni, na wa kutosha kunichapa pia. Tukiwa wadogo tulichota maji kijitoni, chini ya mteremko, tukapanda nayo kichwani. Mtu yeyote aliyewahi kubeba ndoo anajua kwamba unaweka majani juu ya maji ili yasikumwagikie. Sisi wengine tuliweka majani tukaenda zetu. Yeye alitaka kujua jani linafanya nini mle. Leo anapanda na jani moja, kesho matatu, kesho kutwa bila jani hata moja, anafika nyumbani amelowa mpaka kwenye pindo la gauni na mama anagomba.

Siku moja alimweleza mama ugunduzi wake. Ndoo, alisema, humwagika zaidi mtu akitembea kwa mwendo fulani. Ukiongeza mwendo au ukipunguza, maji yanatulia.

"Maji yana mwendo wake, mama. Ukiyafuatisha, yanaruka."

"Na mimi nina mwendo wangu," mama alijibu. "Nenda kachote mengine."

Baba yetu, Baltazari, alifariki dada akiwa kidato cha sita. Mimi nilikuwa bado shule ya msingi, na hesabu kwangu ilikuwa imeshakwama kwenye sehemu. Wajomba walishauri dada arudi amsaidie mama shamba. Mama hakubishana nao. Aliwasikiliza, akawapikia, akawasindikiza, na shule zilipofunguliwa akamfungia Gaudiosa sanduku lake akampandisha basi. Nilimwona mama akilia siku hiyo, amesimama kando ya barabara mpaka vumbi la basi likaisha. Ndiyo mara pekee ninayoikumbuka.

Kutoka hapo dada alienda hatua kwa hatua, mpaka akawa mbali kweli. Chuo kikuu Dar es Salaam, halafu kazi ya kufundisha hapo hapo, halafu miaka ya baridi huko Norwei kusomea udaktari wa falsafa, halafu tena Dar. Niliwahi kumuuliza anasoma nini hasa. Akasema anasoma hesabu za vitu vinavyotiririka: maji, hewa, chochote kinachomiminika.

"Hata uji?"

"Uji ndio mgumu kuliko maji."

Nilidhani ananitania. Hakuwa anatania. Alinieleza habari za uji kwa muda mrefu, jinsi unavyotembea ukikorogwa na unavyogoma ukiachwa, na tangu siku hiyo nikipakuliwa uji namkumbuka.

Kazi yake kubwa ilikuwa Ziwa Tanganyika. Mimi ni fundi seremala, nina karakana Sumbawanga mjini, na mara moja alinichukua tukashuka naye Kasanga nimtengenezee fremu ya mbao ya kuning'inizia vipimajoto ndani ya maji. Niliposhuka gari nilivua sweta kwa mara ya kwanza baada ya wiki kadhaa, maana kule chini ni joto, si kama kwetu juu. Wavuvi walitaka kujua ile kamba ndefu ni ya nini. Dada akachukua chupa tupu ya maji, akamimina nusu chai iliyopoa na nusu mafuta ya alizeti, akaifunga, akailaza ubavu, akaiyumbisha taratibu.

Ndipo nikaelewa kidogo alichokuwa anakitafuta. Juu mafuta yalikaa karibu yametulia. Chini, pale mafuta yalipokutana na chai, wimbi zito lilikuwa linakwenda na kurudi polepole, kama mtu mnene anageuka kitandani. Ziwa ndivyo lilivyo, alisema. Maji ya juu ni ya moto kiasi, ya chini ni ya baridi. Kusi ikivuma miezi ya kiangazi husukuma yale ya juu kuelekea kaskazini, na huku kwetu kusini ya baridi hupanda na chakula cha samaki kilicholala humo. Upepo ukikata, maji yanarudi, yanapitiliza, yanarudi tena. Wimbi moja linaweza kuchukua karibu mwezi mzima kwenda na kurudi.

"Na sisi tuko juu yake hatulioni?" mvuvi mmoja aliuliza.

"Hamlioni. Juu panakuwa shwari. Lakini samaki mnawaona."

Wakakubali, maana samaki kweli waliwaona. Wakaanza kubishana naye kuhusu miezi, naye akabishana nao kwa furaha niliyokuwa sijaiona kwake tangu siku za ndoo.

Hiyo ndiyo kazi ya dada yangu, na ninaiheshimu. Lakini nitasema pia upande wa pili. Miaka yake ya mwanzo kazini Dar hakuja nyumbani. Krismasi alikuwa anasahihisha mitihani. Pasaka alikuwa na mkutano. Likizo ndefu alikuwa Norwei. Mama aliagiza kwa barua, simu zilipokuja akaagiza kwa simu: njoo tukuone. Jibu lilikuwa lile lile, kwamba kazi imembana, na lilikuwa kweli. Mama alikuwa akirudisha simu kwangu anasema tu, "Ana kazi," halafu anaingia ndani kuangalia chungu ambacho hakikuwa na shida yoyote. Nilimkasirikia dada wakati huo. Sikumwambia, lakini nilimkasirikia.

Alipomaliza udaktari, mama yetu, Kristiana, alisimama kanisani wakati wa matangazo, ibada ilipokwisha. Alivaa kitenge chake cha sikukuu. "Mwanangu Gaudiosa," alisema kwa sauti iliyosikika mpaka nje, "sasa ni daktari wa wimbi." Kanisa lilipasuka kwa vigelegele. Hebu fikiri: kijiji kizima kinakula nafaka hiyo, kinakunywa nafaka hiyo, kinaolea nafaka hiyo, halafu mtoto wao amekuwa daktari wake! Padri mwenyewe alipiga makofi.

Haikupita muda mama akampigia simu. Wimbi la Mama Coleta limeingia ugonjwa, masuke yanageuka meusi, wanamwomba daktari wao aje alione. Dada alidhani simu ina kelele. Mama akarudia. Mgonjwa akikuita huwezi kumwambia una mkutano, na wala hukumbuki kwanza kumwambia kwamba wewe si daktari wake. Akaja.

Mama Coleta ndiye kiongozi wa jumuiya yetu, mama mwenye sauti na mwenye huruma kwa kipimo hicho hicho. Aliweka masuke yake mapajani mwa dada kama mtu anayemkabidhi mtoto mgonjwa. Dada alinitazama mimi. Mimi nikatazama dari. Akamtazama mama, na mama alikuwa amekaa wima pembeni, mikono imetulia, heshima yake yote iko pale barazani mbele ya majirani. Dada akalichukua suke, akaligeuza, akasema, "Niachieni niliangalie vizuri."

Kisha alipanda kule kwenye mwinuko mtandao unakoshika, akampigia mtu anayefahamiana naye kwenye utafiti wa kilimo, akarudi na jibu. Jibu lilifaa. Sijui kama afadhali lisingefaa, maana baada ya hapo hakuna msimu uliopita bila mama kupiga simu: wimbi limetoa masuke, wimbi lina wadudu, wimbi la fulani limedumaa, utakuja lini? Kila msimu dada alikuja, alipokea masuke, alipanda mwinukoni, alipiga simu, alishuka na jibu. Na mimi nilicheka, nikaongeza viti.

Mwaka jana ndipo kicheko kilipokauka. Upepo ulikuja mapema, mvua za mwisho zikiwa bado, na ulezi wa mteremko wetu karibu wote ulilala chini siku chache kabla ya kuvunwa. Ilikuwa mara ya tatu katika misimu michache. Akina mama wa jumuiya wakiongozwa na Coleta, pamoja na jirani yetu Malimi, Msukuma aliyekuja na ng'ombe wake zamani na sasa analima kutuzidi wote, wakafikia mahali pa kuamua. Ama waachane na ulezi wapande alizeti wote, ama waendelee. Wakasema: tusigombane, daktari wetu yupo. Jumapili baada ya ibada tukutane kwa mama Kristiana, atakalosema ndilo tutakalofuata.

Dada alipofika Sumbawanga hakupitiliza Mpui kama kawaida yake. Alikuja karakanani kwangu akakaa juu ya rundo la mbao na koti lake zuri.

"Modesti, nimekwama."

"Sema dada."

"Safari hii wanataka kulima mwaka mzima kwa neno langu. Suke moja naweza kuuliza kwa simu. Hili siwezi. Nikinyamaza, nawadanganya watu kwenye chakula chao. Nikisema kweli, mama anaonekana mwongo mbele ya kanisa lote. Amepita themanini, Modesti. Ataenda wapi na aibu hiyo?"

Nilizima mashine ya randa ili nifikiri vizuri. Tulikunywa chai, tukapanda gari kwenda nyumbani.

Jumamosi mchana tulishuka naye shambani. Sehemu kubwa ilikuwa imelala kweli, na kulitazama shamba lililolala kunauma hata kama si lako. Lakini upande wa juu kulikuwa na ulezi uliobaki umesimama, na tulipokuwa tunautazama upepo ukapita juu yake. Masuke yaliinama kwa zamu, yakainuka kwa zamu, mstari ukasafiri kutoka ukingo wa kwetu mpaka kwa Malimi. Dada akanishika mkono.

"Umeona? Wimbi hilo."

"Wimbi lipi sasa?"

"Yote mawili."

Akakaa chini papo hapo na koti lake. Alikaa muda mrefu, na mimi nikakaa, maana nilijua nikiongea nitafukuzwa. Hatimaye akaanza kunieleza. Kila bua lina mwendo wake wa kuyumba, kama ndoo ile ya kijitoni. Upepo hauji sawasawa, huja kwa mapigo. Pigo likilikuta bua kwenye mwendo wake, linalizidishia, linalizidishia, mpaka linalala. Bua refu lenye suke zito lina mwendo wa polepole, na pengine mapigo ya upepo wa kwetu yanaangukia hapo hapo. Yaliyosongamana yanaegemeana na kutulizana, kama majani kwenye ndoo, lakini yakisongamana mno shina linakuwa jembamba.

"Kwa hiyo unajua dawa?" nikauliza.

"Sijui dawa. Najua swali. Lakini hili swali ni langu, si la kupigia mtu simu."

Uso wake ulikuwa umefunguka. Halafu akamkumbuka mama, ukafungika tena.

Tulimkuta mama jikoni anapepeta ulezi kwenye ungo, jua likiwa limebaki kidogo mlangoni. Dada alikaa kwenye kigoda karibu naye.

"Mama, nina neno."

"Sema. Kinachopepeta ni mikono, masikio yapo."

"Mimi si daktari wa ulezi. Nimesomea mawimbi ya maji, yale ya ziwani. Watu walisikia vibaya kanisani, nami nikanyamaza kwa ajili yako. Kesho nataka kuwaambia ukweli. Nisamehe."

Ungo haukusimama. Mama alipuliza makapi, akatikisa, akapuliza tena.

"Najua," alisema.

"Unajua nini, mama?"

"Kwamba ni maji. Uko na maji tangu ulipokuwa na ndoo yangu. Unafikiri mimi ni nani, nisijue mwanangu anafanya kazi gani?"

Dada alinitazama. Safari hii sikutazama dari.

"Sasa kwa nini uliwaambia..."

"Ningewaambia maji, nani angekuita? Maji kila mtu anajichotea mwenyewe. Lakini wimbi lina msimu. Nikaona, kila msimu utaitwa."

"Ungeniambia tu nije, mama."

"Nilikuambia," mama akasema, bila ukali wowote. "Ukasema una kazi. Basi nikakutafutia kazi huku."

Dada aliinamisha kichwa kwenye magoti ya mama, pamoja na makapi yote yaliyokuwa pale, akalia kama mtoto. Mama aliweka ungo chini. Mimi nilitoka nikajifanya naangalia bawaba ya mlango, ambayo niliifunga mwenyewe na haina kasoro. Nikiwa pale nje ndipo nilipokumbuka kitu ambacho kilikuwa mbele yangu miaka yote. Tulipokuwa wadogo mama hakuwahi kusema wimbi. Alisema ulezi. Uji wa ulezi, shamba la ulezi, nenda kaamie ndege kwenye ulezi. Wimbi lilianza kutoka kinywani mwake siku ile kanisani, na sisi wote kijijini tukamfuata bila kujiuliza.

Jumapili watu walijaa uani. Dada alisimama akawaamkia wazee, akasema yote bila kuzunguka: kwamba yeye ni mtu wa hesabu, kwamba wimbi lake ni la maji, na kwamba majibu yote waliyopata aliyaomba kwa wenye kuyajua. Mama Coleta ndiye aliyekuwa wa kwanza kuinuka.

"Kwa hiyo miaka yote hii wimbi letu tumekuwa tunalipeleka kwa mvuvi?"

Watu wakaangua kicheko. Lakini Coleta hakuwa amemaliza. Akamgeukia mama.

"Mama Kristiana, ulitudanganya kanisani?"

"Mimi nilisema wimbi," mama akajibu, ametulia kabisa. "Ninyi ndio mliosikia ulezi."

Coleta alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kitenge. Malimi, ambaye huwa hana muda wa mizaha yetu sisi Wafipa, akauliza swali la maana: na huu upepo je? Dada akasema upepo ni wake. Akawaeleza habari ya ndoo na mabua, akawaambia hana dawa, ana jaribio, na kwamba asiwe yeye wa kuwaamulia. Wenyewe wakaamua. Alizeti nusu, ulezi nusu, na kwenye ulezi kila mmoja atenge kipande cha kupanda kwa nafasi tofauti na mwenzake, waone kipi kitasimama.

Msimu huu vipande vingine vimesimama, vingine vimelala, na kimoja cha Malimi kimefanya vyote viwili. Dada anasema hilo ndilo linalompendeza kuliko yote, na Malimi anasema halimpendezi hata kidogo.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Mwezi Machi mama aliomba simu yangu kama ilivyo kawaida yake, nami nikamtafutia namba, nikakaa kusubiri nisikie safari hii wimbi lina nini. Hakutaja wimbi. Hakutaja ulezi pia. "Gaudi," alisema, "nimekukumbuka." Akanirudishia simu.

Dada alifika Jumamosi.